Unakuja Mtwara kuangalia mpira? Mambo ya kuzingatia kabla hujachagua bar

Wageni wa mpira wakipiga simu swali la kwanza huwa ni bar nzuri iko wapi, na mi kabla sijajibu nauliza mechi inapigwa uwanja gani. Watu wanachanganya sana. Ndanda kijiji kiko wilaya ya Masasi lakini timu ya Ndanda ilikuwa inachezea Nangwanda Sijaona, hapa hapa Mtwara mjini. Namungo nao uwanja wao ni Majaliwa, upo Ruangwa, sio Lindi mjini. Kuna jamaa zangu walishalipia kabisa gesti Lindi mjini wakijua wapo jirani na uwanja, ikabidi siku ya mechi waamke waende Mnazi Mmoja, wakate kulia kushika barabara ya Masasi, wafike Nanganga ndo waingie Ruangwa, na usiku safari ile ile ya kurudi. Kwahiyo mechi ikiwa Ruangwa tafuta bar na gesti Ruangwa, ikiwa Nangwanda njoo Mtwara, hilo lifanye kabla ya lingine lolote.

La pili ni msimu. Kuanzia mwezi wa kumi huku ni korosho, minada inaanza, pesa inazunguka, gesti zinajaa wanunuzi na madereva wa malori, na bar ambayo mwezi wa tano ulikaa kwa raha unaikuta imefurika saa kumi jioni. Ukija kipindi hicho kata chumba mapema, alafu muombe mtu wa hapo akuulizie bar yenye nafasi. Na kama ni Ramadhani ujue mji huu una Waislamu wengi, mchana pametulia, sehemu nyingi za chakula zimefungwa, kwahiyo panga kula baada ya futari na usipite mtaani na chupa mkononi. Sio tu Ramadhani, siku yoyote ile, chupa iache bar.

Sasa namna ya kuipata hiyo bar yenyewe. Usimuulize dereva wa bajaji bar nzuri iko wapi, maana atakupeleka kwenye mziki mkubwa, muulize yeye mwenyewe huwa anaangalia mpira wapi. Hilo swali linakupa jibu tofauti kabisa. Kama wewe ni Yanga au Simba ni rahisi zaidi, tafuta namba ya mtu wa tawi la Mtwara kabla hujatoka Dar, kila tawi lina maskani yake na wenyewe ndo wanajua wapi mgeni mwenye jezi atakaa bila kusumbuliwa, wakati mwingine wanakupokea na stendi kabisa. Watu wa kusini ni wakarimu, mwaka 2014 Ndanda walivyopanda Ligi Kuu mji ulikuwa unapokea wageni kila mara na wengi wa wale tumebaki marafiki mpaka leo.

Ukishatajiwa sehemu, nenda ukaione mchana au siku moja kabla. Hapa nakazia kabisa. Angalia tv ipo wapi na jua la jioni linaingilia wapi, kuna bar tv imening'inizwa upande wa magharibi, saa kumi na moja unaona mwanga tu humuoni mchezaji. Uliza umeme ukikatika wana jenereta, na muombe mhudumu akuoneshe. Alafu uliza king'amuzi kimelipiwa mpaka lini. Mi hili limenikuta, siku moja tumekaa watu kumi na moja, meza imejaa, wageni wangu wametoka safari ya kilomita zaidi ya mia tano, mpira unaanza tu kioo kikaandika kifurushi kimeisha. Mama mwenye bar akatoa simu analipia, mtandao unazunguka, anasimama juu ya kiti anatafuta network, na sisi tumenyamaza tunamuangalia yeye badala ya tv. Katikati ya hapo tukasikia kelele bar ya jirani, goli hilo, na hatujui la nani. Niliumia kwa ajili ya wale wageni, mpaka leo nikimpeleka mtu sehemu nauliza kifurushi kabla ya bei ya bia.

Friji nayo ifungue uone. Bar ndogo inaweza kuwa na kreti mbili tu za baridi na zilizobaki ni za moto, nyie mkija kumi na tano kipindi cha kwanza hakiishi mshamaliza. Mwambie mwenye bar mapema mko wangapi na mnakunywa nini, atapoza. Chakula vile vile, nyama choma na kuku wa kienyeji agiza kabla mechi haijaanza. Ila mi ningekwambia ukiwa Mtwara kula pweza na samaki, wanatoka feri pale panapovukia Msanga Mkuu, siku hiyo hiyo. Kitimoto uliza taratibu, sio kila jiko linapika na wapo mnaokaa nao meza moja hawali.

Bili lipa kila raundi, au kama mnalipa mwisho basi chupa tupu zisiondolewe mezani, ndo hesabu yenu hiyo. Wengi wanapokea kwa simu ila beba na keshi kidogo.

Kuhusu uraka, ile pombe ya mabibo, mtasikia sana hasa msimu wake, na wenyeji wanaipenda. Lakini nipa, ile gongo inayochujwa kutokana nayo, usiguse kabisa, ni haramu kisheria na hujui imechujwa vipi, watu wanapofuka na kufa kwa gongo mbaya.

Kama kundi lina akina dada kaangalieni choo, kina mlango, kina komeo, kina taa. Na wasiokunywa msiwalazimishe kukaa bar, vibanda umiza vipo, unalipa kiingilio kidogo, na ushabiki wa humo ni mkali kuliko bar nyingi nilizokaa.

Mwisho ni kurudi. Huku giza linaingia mapema kuliko Mwanza au Mbeya, mechi ya saa kumi ikiisha jua linazama hapo hapo, na ukisema utembee mpaka gesti kwenye mtaa usioujua ni kujitafutia shida. Chukua bar iliyo karibu na unapolala, au mchukue namba yule dereva wa bajaji wa mchana mkubaliane saa na bei kabisa. Na mwambie pia saa ya basi lako la asubuhi, mabasi ya Dar yanaondoka alfajiri na yeye ndo atakugongea mlango.