Somo: mtego wa fuko haufyatuki? Angalia chini ya kisahani

Wandugu, wiki hii peke yake nimejibu swali hili mara nne: "Nilitega vizuri, asubuhi nakuta mtego umefukiwa na viazi vimeliwa." Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Naongelea mtego wa chuma wa kubana mguu, wenye taya mbili, springi, na kisahani katikati. Natega shambani huku Kabare, Kivu Kusini (Kongo), udongo mwekundu unaonata.

1. Tafuta njia ya fuko chini ya ardhi, inayotumika. Itoboe, rudi baada ya saa chache. Ikizibwa, mwenyewe yumo.

2. Sugua mtego kwa brashi na maji moto, ukauke kabisa.

3. Chimba kikalio mpaka kisahani kilingane na sakafu ya njia.

4. Funga mtego kwa waya kwenye kigingi.

5. Hapa ndipo niliharibu. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua kila siku. Nilishindilia udongo mbichi kila upande ili mtego usicheze, na mwingine ukaingia chini ya kisahani. Usiku tatu fuko alipita juu kama anapita barabarani, akamaliza tuta zima la viazi vitamu. Siku ya nne nilikibonyeza kisahani kwa mpini wa jembe: kimya. Chini yake udongo ulikuwa umekuwa tofali.

Kwa hiyo shindilia NJE ya taya tu. Chini ya kisahani weka kipande cha sponji ya godoro kuukuu, laini, kijaze nafasi bila kukiinua kisahani. Juu yake tandaza jani kavu la mgomba, dogo kuliko duara la taya. Likitokeza nje litabanwa na taya hazitafunga. Mwisho nyunyiza udongo mkavu uliochekechwa, mwembamba tu. Usitumie sasheti (mfuko wa plastiki), maji yanatuama juu yake. Na usisawazishe kwa vidole! Tumia kijiti.

Kabla ya kufunika shimo, shusha kiazi chenye ukubwa wa ngumi kwa uzi mpaka kikae juu ya kisahani. Usipofyatuka, anza upya.

6. Ziba shimo kwa ubao, mwanga usiingie.

7. Kagua asubuhi na jioni. Mnyama asiteseke humo siku nzima.

MASWALI

Kijana wa Panzi: Mtego yangu haifyatuke, shida ni nini?
— Chini ya kisahani uliweka nini?
Kijana wa Panzi: Sikuweka kitu.
— Basi umejijibu. Hatua ya 5.

Mama wa Walungu: Aksanti baba. Kwa nini mwanga uzibwe? Si fuko haoni vizuri?
— Swali zuri, mama. Macho yake ni madogo lakini mwanga anaujua, na upepo anausikia. Akikuta njia imetobolewa anakuja kuiziba, anasukuma udongo kwa kichwa, na udongo huo unatangulia kuujaza mtego kabla mguu wake haujafika. Ukiziba vizuri anakuja akitembea tu. Na anaishi peke yake, kwa hiyo ukimpata huyo, njia hiyo inapumzika mpaka mwingine aihamie.

Mtu wa Goma: Mukubwa, kwetu ni changarawe nyeusi ya volkano. Sponji inatosha?
— Haitoshi. Kwenu shida ni kijiwe kimoja kati ya taya. Chekecha kwa wavu wa dirisha, na jaribu kufunga taya kwa kijiti kabla ya kuondoka. Maji kwenu yanazama haraka, hapo mmetushinda.

Mzee wa Bagira: Mimi napaka mawese kwenye springi tangu zamani. Unatufundisha nini?
— Paka, mzee. Mimi nilipopaka, vumbi lilishika mafuta na springi ikawa nzito. Nimesema nililoliona.

Kijana wa Panzi: Na fungo anayekula kuku, nimtege karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega?
— Hapana. Ndani ya mbuga ni kosa, na pembeni mtego hauchagui mguu. Tengeneza mlango wa banda.

Mama wa Walungu: Kama si mawese, kutu tunaizuia na nini?
— Mishumaa, mama. Chemsha maji, yeyusha miwili ielee juu, zamisha mtego mpaka uwe moto, utoe polepole. Unatoka na ngozi nyembamba ya nta, udongo haushiki. Usiyeyushe nta peke yake juu ya makaa, inawaka.
Mama wa Walungu: Sufuria yoyote?
— Yoyote, isipokuwa ile ya sombe (kisamvu). Kwangu nilisamehewa mara moja tu.