Mita 60 za ziwa hazipimwi kiangazi

Kila Oktoba, Ziwa Victoria likishuka, wakulima wa pwani yake wanaingia na mapanga kwenye matete. Naelewa kinachowavuta. Ardhi iliyoachwa na maji ni nyeusi, ina unyevu, nyanya zinashika humo bila kubembelezwa, na mashine ya kumwagilia haihitaji mpira mrefu. Ukimuuliza mwenye bustani habari za mita 60 ambazo sheria inataka ziachwe bila kulimwa kutoka ukingo wa ziwa, hasiti: "Bwana shamba, mbona nimepima!" Na kweli amepima. Amepima kwa hatua, kuanzia pale maji yalipo siku hiyo ya kiangazi, na hasara yake inaanzia hapo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kilichoweka mita hizo 60, mmeshakisikia kwenye mikutano mingi ya kijiji, sitakirudia. Leo tuelewane jambo moja tu: futi ya kupimia inaanzia wapi.

Ziwa hufika juu kabisa Mei na mwanzoni mwa Juni, masika yakiisha, halafu hushuka hadi Oktoba au Novemba. Tuseme limeshuka nusu mita. Kwenye ufukwe wa tambarare, ambako ardhi inainama sentimita 2 kwa kila mita, nusu mita hiyo inatosha kuyarudisha maji nyuma mita 25. Njoo sasa kwenye hatua zako. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 60 ni mita 45. Toa zile 25 za kiangazi. Umebaki na mita 20, na bado unaapa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba ni 60.

Waliolima hivyo kiangazi cha 2019 wanajua kilichowapata. Vuli ile ilinyesha kupita kawaida, masika yakaja juu yake, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita moja na kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Matuta ya vitunguu na kabichi yakageuka mapito ya mitumbwi. Mbegu, mbolea, mafuta ya mashine, vyote vikaingia majini.

Hata mwaka wa kawaida unapoteza, ila huoni. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una kilo 23 za fosfeti, na fosfeti hushikamana na udongo. Udongo ukisombwa kwa kuwa matete ya kuuzuia umeshayafyeka, fosfeti uliyoilipia inakwenda kulisha mwani na magugu maji. Halafu tunalalamika mwalo umezibwa na mitumbwi haitoki! Na sato je? Jike lake hutamia mayai mdomoni, akishatema vifaranga hukimbilia maji ya kina kifupi yenye matete. Ukichoma matete, umechoma kitalu cha samaki wa kijiji kizima.

Kwa hiyo pimeni wiki ya mwisho ya Mei au ya kwanza ya Juni. Tafuteni mstari wa takataka: magugu maji yaliyokauka, magamba ya konokono, vipande vya mafunjo vilivyotupwa na mawimbi. Kigingi cha kwanza kinakaa hapo, si pale miguu inapolowa. Kama mwaka huo masika yalikuwa hafifu, waulizeni wavuvi wa zamani maji ya kawaida ya Mei hufika wapi, na mkibishana, iteni wataalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Msipige kura.

Tumieni futi kamba ya fundi ujenzi ya mita 30, mara mbili. Kamba ya nailoni inavutika, na anayeivuta huwa ni mwenye shamba. Penye mteremko msilaze futi juu ya ardhi. Pimeni vipande vya mita 10 mkiishika ikiwa sawa hewani, mwisho wa chini ukiinuliwa kwenye mti ulionyooka. Ukifuata mteremko, mita 60 zinapungua bila wewe kujua. Mpaka ukipatikana, pandeni mkonge kila baada ya mita 10. Vigingi vikavu huliwa na mchwa, na vingine, tusifichane, hutembea usiku.

Ndani ya mita 60, acheni matete na mafunjo yajiotee. Msipande mikaratusi. Njia ya ng'ombe na ya wachota maji iwe moja kwa kitongoji, ipite mshazari, maana iliyonyooka itakuwa mfereji kabla masika hayajaisha. Bomba la kupulizia dawa lioshewe juu ya mpaka, shambani, kamwe si ziwani.

Upande wa shamba, mara tu baada ya mpaka, wekeni mistari miwili ya majani ya vetiva iliyoachana mita 1, ifuate kontua, yaani ikate mteremko kwa usawa, mkipima kwa fremu A, ile ya miti yenye umbo la herufi A. Kila shina liwe na machipukizi mawili au matatu, majani yamekatwa kubaki sentimita 20, na kati ya shina na shina sentimita 15. Wengi wanaacha nusu mita ili miche itoshe. Hapo mmepanda mapambo, maji ya mvua yatapita katikati. Pandeni vuli ikishalowesha udongo vizuri. Mvua ikikatika, mwagilieni kwa wiki mbili.

Mkiona tope limenasa nyuma ya vetiva, kazi inakwenda vizuri.

Siku ya kupima awepo mtendaji wa kijiji, viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, na wenye mashamba yote yanayopakana, tena futi ishikwe na mtu asiye na shamba pale. Vipimo viandikwe kwenye daftari la kijiji siku hiyohiyo, na Oktoba ikifika mtu akisema maji yamehama, afunguliwe daftari.