Taa ya mbele ya pikapu: mambo ya kukagua kabla ya kununua balbu nyingine

Kabla ya kutoka Goma kwenda Minova, au Bukavu kuteremka Ngomo kuelekea Kamanyola, au Lubumbashi kwenda Likasi, washa taa zote gari likiwa bado nyumbani, ulizunguke kwa miguu. Mwanga ukutani hautoshi. Simama mbele ya kila taa. Saa moja ya jioni giza limeshaingia, na njiani kuna chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), pikipiki na watu wanaotembea pembeni bila chochote kinachong'aa. Pikapu yenye jicho moja, anayekuja mbele huidhani pikipiki, na nafasi atakayokuachia ni ya pikipiki.

Kisha jiulize taa imekufaje. Zikizimika zote mbili kwa mpigo, acha balbu. Ni nadra mbili kufa dakika moja. Angalia rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi kubwa na swichi ya kwenye usukani. Rilei hujaribiwa haraka: ndani ya kisanduku cha fyuzi mara nyingi kuna nyingine ya namba ile ile inayotumikia kitu kingine, mfano honi. Zibadilishane nafasi, washa. Ikizimika taa moja, ubovu uko upande huo: balbu, fyuzi yake, soketi au masi (njia ya kurudisha umeme kwenye bodi na betri). Ikiwa mwanga wa chini umekufa na wa juu unawaka, anza na balbu: balbu ya aina ya H4 ina nyuzi mbili ndani, wa mwanga wa chini na wa juu, na huenda mmoja umekatika. Hiyo nunua.

Fyuzi ichomoe uione vizuri, usiitazame kwa juu tu. Pikapu nyingi zina fyuzi ya kila upande, ampea 10 au 15, na namba sahihi imeandikwa kwenye kifuniko. Rudisha namba hiyo hiyo. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya uliochubuka unagusa bodi, mara nyingi nyuma ya taa au pale nyaya zinapopita karibu na redieta. Usifunge uzi wa shaba mahali pa fyuzi, hata kwa kilomita moja. Fyuzi ipo ili iungue kabla ya waya. Ukiiondoa, zinaungua nyaya zote chini ya boneti, na huko nyuma mmebeba makala (mkaa) na madumu ya mafuta.

Balbu ishike kwa chuma chake, usiguse kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi huacha doa linalopata moto kupita kiasi na kioo hupasuka. Ukishaigusa, ifute kwa spiriti. Raba ya nyuma irudishwe mahali pake. Bila raba hiyo vumbi la Lubumbashi na maji ya mvua ya Bukavu huingia moja kwa moja kwenye kioo cha ndani, na mwanga hufifia hata balbu ikiwa mpya.

Sasa masi. Hapa usiharakishe, maana hapa ndipo pesa za watu huishia.

Kisa chake hujirudia garajini. Pikapu imegongwa kona ya kushoto, fundi wa bodi ameinyoosha na kuipaka rangi, inapendeza. Baada ya muda taa ya kushoto inafifia, rangi yake kama chai. Dereva anabadilisha balbu, hali ile ile. Anabadilisha soketi. Mtu anapima kwa multimeta (kipima umeme), anapata volti 12, anatamka kwamba umeme upo na taa yenyewe ndiyo imeharibika. Inanunuliwa taa nzima, faida ya safari yote inaishia hapo. Inafungwa, inawashwa, inafifia vilevile. Na muda huo wote boliti ya masi ilikuwa imekazwa juu ya rangi mpya, inagusa chuma kwa nyuzi zake chache tu.

Volti 12 zile hazikuwa za uongo, ila zilipimwa balbu ikiwa nje. Multimeta haivuti karibu umeme wowote, kwa hiyo hata waya uliobaki uzi mmoja utaionyesha 12. Balbu ya wati 55 inataka ampea 4 na nusu hivi, na hapo ndipo njia mbovu hushindwa. Pima taa ikiwa inawaka, balbu ikiwa ndani. Ncha moja weka kwenye hasi ya betri, nyingine iingize nyuma ya soketi, kwenye pini ya masi. Isizidi volti 0.2. Ukisoma 2 au 3, umeme huo unapotea kwenye masi. Upande wa chanya fanya hivyo hivyo, kutoka chanya ya betri hadi pini inayoleta umeme; isizidi 0.5. Dalili nyingine: masi ikikatika kabisa, nyuzi zote mbili za balbu hufifia pamoja, na taa ya bluu ya mwanga wa juu kwenye dashibodi huwaka kidogo ingawa umeweka mwanga wa chini.

Dawa yake ni rahisi. Fungua boliti, piga msasa bodi na kichwa cha waya hadi chuma king'ae, kaza kwa nguvu, halafu paka vazelini kwa juu kuzuia kutu.

Tahadhari kwa wenye Hilux za zamani na Land Cruiser 79. Nyingi kati ya hizo swichi hukata upande wa masi: pini ya pamoja hubeba chanya, na swichi huchagua uzi upi upate masi. Kabla ya kuunganisha waya wowote wa kujaribia, chomoa soketi, funga taa ya kujaribia kwenye hasi ya betri, uguse pini moja moja. Pini ikiwaka kwenye mwanga wa chini na pia wa juu, hiyo ni ya chanya. Ukiipelekea waya wa hasi utaunguza fyuzi.

Usifunge balbu za wati 100/90 (100 mwanga wa juu, 90 wa chini) kwenye nyaya za kiwanda. Mbili zikiwaka juu huvuta karibu ampea 17, wakati zile za kawaida za 60/55 huvuta 10. Soketi inayeyuka polepole, inakuwa ya kahawia, na siku moja inashikana na balbu. Soketi iliyobadilika rangi itoe tu, usiikwangue.

Balbu zikiungua kila mara, pima betri injini ikizunguka: kati ya 13.8 na 14.4 ni sawa. Ikipita 15, altaneta (mashine inayochaji betri) ndiyo inaziua.

Pikapu yenye usukani kulia, kama taa zake ni za nchi za kuendesha kushoto, mwanga wake wa chini hupanda upande wa kushoto, yaani machoni mwa anayekuja, maana huku Kongo tunaendesha kulia. Kuziinamisha hakutoshi, tafuta taa za upande wetu. Kimo kirekebishe gari likiwa na mzigo, maana mzigo hushusha nyuma na kuinua pua. Ukutani, mita 10, mstari wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hivi.

Beba balbu moja ya akiba ndani ya boksi lake, fyuzi za 10, 15 na 20, rilei moja, waya wa milimita 2.5 za mraba, msasa, utepe wa nyaya na tochi. Jifunze kubadilisha balbu ya upande wa betri mchana, maana kwenye gari nyingi mkono haupiti mpaka betri itolewe. Zikikatika zote njiani, usifuate taa za gari la mbele. Likikata kona hutaona ukingo. Egesha nje kabisa ya barabara, washa taa za hatari, weka pembetatu mbali nyuma, watu wasikae upande wa magari yanapopita, na tengeneza kukishapambazuka.