Vilengeo vya ushanga na kipengo kwenye rivolva: chagua hivi usipoteze hela

Kabla hujatoa hela kubadilisha vilengeo vya rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, jiulize hiyo rivolva ina kazi gani, maana Marekani watu kibao wananunua ushanga wa dhahabu, yaani kitone cha duara kwenye kilengeo cha mbele, kwa sababu unang'aa vizuri kwenye picha, halafu wanaenda nao renji, uwanja wa shabaha, kupiga karatasi yenye duara jeusi mita 25 na wanashangaa risasi zinatawanyika juu chini. Kwa karatasi, nguzo nyeusi bapa mbele na kipengo, yaani mkato, cha mraba kwenye kilengeo cha nyuma, ule mtindo wa Patridge wa mwishoni mwa karne ya 19, bado haujapata mpinzani: kichwa cha nguzo kiko flati, mabega ya kipengo yako flati, jicho linaona fasta kama vimelingana. Ushanga ni duara tu, hauna ukingo wa kukuonyesha juu ni wapi. Faida yake unaiona msituni, mnyama kasimama kivulini mita 30, jua linazama, nguzo nyeusi imeshamezwa na ngozi yake na wewe una sekunde mbili za kuamua.

Na mtindo wa ushanga asili yake ni huko huko mawindoni. Waingereza waliuweka kwenye bunduki zao za mitutu miwili, zile zilizofika mpaka kwetu Afrika Mashariki enzi za safari, nyuma V pana mbele ushanga mweupe, na kuna shanga zilichongwa kwa jino la ngiri kwa sababu linakaa jeupe muda mrefu kuliko pembe ya ndovu. Wamarekani nao waliutia kwenye rivolva. Smith & Wesson walipotoa rivolva yao ya .357 Magnum mwaka 1935 mteja alikuwa anachagua mwenyewe vilengeo anavyotaka, na ushanga wa dhahabu wa Ed McGivern, yule jamaa wa Montana aliyekuwa anafyatua rivolva kwa kasi ya ajabu, mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Sasa saizi. Chukua rivolva yenye mtutu wa inchi 6, kutoka kilengeo cha nyuma mpaka cha mbele ni kama milimita 200, na mkono ukinyooka kilengeo cha mbele kinakaa kama milimita 800 kutoka kwenye jicho. Ushanga wa milimita 3 hapo unafunika karibu sentimita 9 na nusu kwenye shabaha ya mita 25, na mita 50 unafunika mara mbili yake. Kwa kulungu si tatizo, kwa kopo la soda ni tatizo. Ukishuka mpaka milimita 2 unaona shabaha vizuri zaidi ila ukiwa umevuka miaka 40 hako kaushanga jioni utakatafuta, na mimi kwa rivolva ya kuwindia siwezi kumshauri mtu chini ya milimita 2.5 hata kama macho yake ni ya mwewe.

Kipengo ndo watu wanakisahau kabisa. Wananunua ushanga mzuri wanauacha na kipengo cha mraba kilichokuja na bastola, basi kila risasi wanaweka ushanga kivyake, mara umekaa chini kabisa, mara juu umelingana na mabega. Ushanga unataka U, unakaa ndani yake kama chungwa kwenye bakuli, au V pana isiyo na kina. V yenye kina kirefu achana nayo, inameza ushanga. Upana nao uhesabu, kile cha mbele kiko mbali zaidi na jicho kwa hiyo kinaonekana kidogo: ushanga wa milimita 3, pale usawa wa kipengo unaonekana kama milimita 2.25, kwa hiyo U ya milimita 3 inakuachia mwanga karibu milimita 0.4 kila upande. Hapo pazuri, mwanga ukikosekana unachelewa na ukizidi unaanza kukisia. Na kipengo kiwe cheusi kisichong'aa, ile mistari myeupe ya kuzungushia kipengo ukiiweka pamoja na ushanga unaong'aa macho yanagombaniwa, mimi ningeipaka wino mweusi siku hiyo hiyo.

Kuna ugonjwa mmoja wa ushanga wa mviringo lazima uujue. Jua likipiga kutoka kushoto, upande wa kushoto wa ushanga ndo unawaka, jicho linadhani ule mwako ndo katikati, unauweka mwako katikati ya U, kumbe mtutu umesogea kulia na risasi inaenda kulia, yaani inakimbia jua. Kosa la milimita 1 kwenye hiyo rivolva ya inchi 6 ni sentimita 12 na nusu kwa mita 25, na mtutu mfupi ndo mbaya zaidi. Kwa hiyo tafuta ushanga wenye uso bapa, na ukipata ule uliozamishwa kwenye nguzo nyeusi yenye kichwa flati chukua huo, kwenye mwanga unalenga kwa kichwa cha nguzo, giza likiingia unafuata dhahabu. Ule unaosimama juu ya kijiti chembamba unapendeza ila unakwama kwenye mkoba wa bastola na ukigongwa unapinda.

Rangi ni ya kujaribu kwa bei ya bure. Safisha kilengeo cha mbele kwa asetoni, paka rangi ya kucha nyeupe, ikikauka juu yake paka ya rangi ya chungwa, nenda nayo saa kumi na mbili jioni silinda ikiwa wazi na tupu ulenge sehemu salama uone kama jicho linaipata.

Kwenye kufunga, Ruger GP100 ndo rahisi, unabonyeza kipini cha springi kilicho mbele ya kilengeo kinachomoka. Smith & Wesson nyingi za siku hizi zenye kilengeo cha nyuma cha kurekebisha, cha mbele kimeshikwa na pini ya kugongwa. Zile ambazo kilengeo cha mbele kimeungwa moja kwa moja kwenye mtutu na nyuma ni mfereji tu, kama Colt Single Action Army, hiyo ni kazi ya fundi bunduki, na kwa kweli hela ya fundi bora uongezee ununue rivolva nyingine.

La mwisho ni urefu wa kilengeo cha mbele, na hapa hela nyingi hupotea kwa sababu nguzo unaweza kuipiga tupa lakini ushanga ukiupiga tupa umeuharibu. Kwanza chagua risasi utakayotumia siku zote, kwa sababu rivolva inarusha mdomo juu kabla risasi haijatoka na risasi nzito ya polepole kawaida inapiga juu kuliko nyepesi ya kasi. Halafu funga nguzo nyeusi ya bei chee, ndefu kuliko unavyohitaji, weka skurubu ya kilengeo cha nyuma katikati, upige. Ikipiga chini sentimita 10 kwa mita 25 unatoa milimita 0.8 mbele, ila usitoe zote kwa mara moja, toa kidogo piga tena. Ikishakaa sawa pima ile nguzo kwa vernia, kile kipimo cha sehemu za milimita, ndo uagize ushanga wa urefu huo mpaka kichwani. Kama wewe ni wa kufunika mnyama kwa katikati ya ushanga, agiza mrefu zaidi kwa milimita 0.4, la sivyo risasi zitapanda karibu sentimita 5 juu ya ulipolenga, na kilichobaki skurubu ya nyuma itamalizia.