Kava la simu lenye treni ya zamani, nusu picha nusu mchoro: hatua kwa hatua

Wadau, juzi nimemsaidia binti wa jirani kutengeneza kava la simu la babu yake, mzee wa TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) ambaye hadi leo ukimkalia karibu anakutajia stesheni moja moja toka Dar, Mlimba, Makambako, mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 zote. Picha ilikuwa moja tu, ya nyeusi na nyeupe, babu kasimama pembeni ya kichwa cha treni.

1. Skani picha stesheneri, dpi 600. Usiipige na simu, inang'aa.

2. Itoe kopi hafifu kwenye karatasi nene, kwa printa ya leza. Ya leza kweli, kwa sababu wino wa printa nyingi za kawaida ukiguswa na brashi yenye maji unachuruzika. Halafu paka rangi za maji kwa mkono. Zipo programu za kugeuza picha iwe mchoro fasta, mi sizipendi kabisa, zinapaka uso wa mtu sawa na mataruma. Kwa mkono unachagua: uso wa babu na namba ya kichwa tuliviacha vilivyo, anga, nyasi na mabehewa ya nyuma ndo tukapaka, rangi ya mabehewa tulimuuliza bibi. Ikikauka skani tena.

3. Vipimo. Hapa ndo nilishapoteza jioni nzima na vibati vitatu, soma taratibu. Kava la aina hii, la kuhamishiwa picha kwa joto, linakuja na kibati chembamba cha alumini chenye tundu la kamera. Kilaze upande mweupe ukiwa JUU, kizungushie penseli kwenye karatasi pamoja na tundu, pima kwa rula kwa milimita, tengeneza ukurasa wa saizi hiyo ukiongeza milimita 3 kila upande. Ukichora kwa kukilaza kifudifudi, tundu linahamia upande wa pili na hutagundua mpaka mwisho. Panga picha sasa, hakikisha tundu halili uso wa mtu, sisi tulimsogeza babu chini na pale juu tukaacha anga tupu. Ukimaliza kupanga ndo uigeuze yote kama kwenye kioo, maana karatasi italala kifudifudi juu ya kibati, usipogeuza namba ya treni itasomeka kinyumenyume. Na wakati wa kuprinti weka asilimia 100, usiruhusu printa ijitoshelezee ukurasa yenyewe, inapunguza kidogo tu lakini tundu halikai tena. Printi kwanza karatasi ya kawaida, kata, linganisha na kibati, ndo uende kwenye karatasi ya sablimesheni, ile ya kuprintiwa kwa wino maalum unaohamia kwenye kibati kwa joto.

4. Rangi kwenye karatasi zitaonekana zimefifia, usiongeze, zinaamka kwenye joto. Bandua plastiki ya juu ya kibati (wengi wanasahau), shikiza karatasi kwa tepu inayohimili joto, weka kwenye mashine ya kukandamiza kwa joto, mi naweka nyuzi 180 sekunde 60. Kama huna mashine nenda kwa wanaoprinti fulana na vikombe Kariakoo, ila nenda na kibati chako na faili ulilokwisha kuligeuza, uwaambie wasiligeuze tena.

5. Kipoe, kibandike kwenye kava, kikandamize na kitabu kizito usiku mzima. Rangi imeingia ndani ya ile koti nyeupe iliyopakwa juu ya kibati kwa hiyo haibanduki, futa kwa kitambaa laini tu, ila spiriti na steelwire usiguse.