Kioo cha ThinkPad T60 kimekuwa cheusi? Mulika tochi kwanza

Usikubali kuambiwa kioo cha laptopu ya zamani kimekufa kabla hujakimulika. Washa mashine, iache ifike mwisho wa kuwaka, zima taa ya chumbani, halafu elekeza tochi kwenye kioo kwa mshazari, karibu kabisa na uso wake. Ukiona aikoni au maandishi yamefichama gizani, kioo ni kizima. LCD, yaani kioo chenyewe kinachochora picha, haitoi mwanga hata chembe. Kazi yake ni kupitisha au kuzuia mwanga unaotoka nyuma. Kilichozimika ni taa ya nyuma, na hiyo inabadilishika.

Nitaeleza kwa ThinkPad T60, toleo la 2006, ingawa T42 na T43 ni karibu kazi ileile. T60 za inchi 15 zenye paneli (kioo pamoja na taa yake) ya aina iitwayo FlexView zina rangi tulivu, na ukizitazama kutoka ubavuni picha haigeuki. Kupata paneli mpya ya aina hiyo siku hizi ni shida kubwa. Ndiyo maana roho huniuma mtu anapoitupa kwa sababu ya taa tu.

Taa ya humo si LED. Ni mrija wa kioo wenye unene wa kama milimita 2, umelala kwenye ukingo wa chini wa paneli, na ndani mna gesi na zebaki kidogo. Unaendeshwa na inveta, kibao chembamba cha saketi kilicho chini ya paneli, kinachopandisha umeme hadi mamia ya volti; wakati wa kuwasha huvuka 1000. Kwa hiyo usiiguse mashine ikiwa hai, wala usipime upande wa taa kwa mita ya kawaida, utaiunguza mita.

Mrija ukizeeka hujisema wenyewe. Mashine iliyolala usiku kucha huwaka na wekundu au uwaridi, kisha inachangamka polepole hadi kuwa nyeupe. Hapo sibahatishi, ni taa. Ukiwaka sekunde chache na kuzima ghafla, inaweza kuwa taa au inveta, kwa sababu inveta hujizima ikihisi mzigo hauko sawa. Chomeka inveta nyingine nzima uone. Mwanga ukicheza kila unapogusa mfuniko, kagua waya unaopita kwenye bawaba. Mistari ya wima isiyoondoka ni habari nyingine: mara nyingi utepe uliobandikwa kwenye ukingo wa kioo umeachia, na hiyo si kazi ya mezani kwangu wala kwako.

Kabla ya kufungua, zima panga boi na funga madirisha. Mimi humwagia sakafu maji kidogo vumbi litulie, maana punje moja ikiingia nyuma ya kioo utaiona kila siku. Toa chaja na betri. Bandua vifuniko vidogo vya mpira kwenye fremu ya mbele, fungua skrubu, achia fremu kwa kadi ya plastiki, siyo bisibisi. Chomoa inveta kwa kushika plagi, usivute waya. Toa paneli na uilaze kifudifudi juu ya kitambaa laini.

Sasa ndipo mikono inatakiwa itulie. Kwenye baadhi ya paneli, ukitoa selotepu na skrubu mbili ndogo, kijaluba cha chuma chenye mrija huteleza nje peke yake. Nyingine zinataka ufungue fremu yote. Hapo kumbuka mpangilio wa karatasi za kusambaza mwanga, na usikunje tepe nyembamba zinazounganisha kioo na kibao chake. Tepe moja ikichanika, paneli imekwenda.

Pima urefu na unene wa mrija wa zamani kwa rula kabla ya kuagiza mpya, milimita kwa milimita. Vua vimpira vya ncha, yeyusha lehemu, achia waya. Wakati wa kulehemu mpya, usiuegemeze mrija kwenye kitu chochote wala usipinde vile vijiti vya chuma vya ncha. Kioo hupasukia hapo hapo. Rudisha vimpira, futa kijaluba cha ndani kwa kitambaa kikavu, rudisha mrija, na ujaribu kuwasha kabla ya kufunga. Mrija ukivunjika, fungua madirisha na utoke kidogo, kisha kusanya vipande kwa selotepu na uvifunge kwenye chupa. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi, itatawanya zebaki.

Wapo wanaoweka utepe wa LED badala ya mrija. Unafanya kazi na hula umeme kidogo, lakini nyingi zina ubluu unaoharibu rangi za FlexView. Nikipata mrija, naweka mrija.

Mashine za miaka ya 1990 zina ugonjwa mwingine: madoa, malengelenge, na harufu ya siki. Filamu ya polaraiza, ile inayobandikwa juu ya kioo na kupitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, ina tabaka za selulosi triasetati, na joto na unyevu kama wa hapa Dar es Salaam huivunja hadi itoe asidi ya siki. Kioo chini yake mara nyingi ni kizima. Itazame kwa miwani ya jua yenye polaraiza, zungusha miwani hadi filamu iwe nyeusi, weka alama ya mwelekeo huo. Kisha bandua kutoka pembeni, polepole na kwa ulalo, na ufute gundi kwa asetoni kwenye kitambaa, isichuruzike kwenye tepe za ukingoni. Shikilia filamu mpya juu ya kioo kinachowaka na uizungushe. Ukikosea kwa nyuzi 90, picha hugeuka hasi, nyeupe ikawa nyeusi na nyeusi ikawa nyeupe. Kwenye vioo vya zamani visivyo na rangi huenda pana filamu ya pili inayorekebisha rangi. Hiyo usiitupe kabla ya kujaribu bila yake.

Filamu iliyobanduliwa itoe nje ya karakana siku hiyo hiyo, na vioo vinavyonuka siki viweke mbali na vizima.