Sfagnamu nyekundu, sfagnamu ya kijani: namna ya kujua kama ni ukoo au ni mahali

Kinamasini, sfagnamu (mmea mdogo laini usio na maua wala mizizi) ya juu ya tuta huwa fupi, imebanana, mara nyingi nyekundu. Ya kidimbwini huwa ndefu, legevu, ya kijani. Vijana ninaowafundisha hapa Bukavu wakiona hivyo huandika papo hapo: "koo mbili". Nawaomba wasiandike kitu kabla hawajaziotesha pamoja.

Usiingie hifadhi ya Kahuzi-Biega kuchuma. Tafuta kinamasi chenye mwenyewe, uombe ruhusa. Chukua shina mojamoja, kwa umbali wa mita kadhaa, kwa sababu kipande kikikatika huota mmea mpya, na tuta zima laweza kuwa mmea uleule mmoja.

Kila shina lipe bokali lake, yote mahali pamoja, mpaka yazae machipukizi. Usipime ulichotoka nacho kinamasini. Pima kilichoota kwako.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi hii kwetu. Sfagnamu hupenda maji yenye asidi na haistahimili chokaa, na maji ya Ziwa Kivu yamejaa madini, hayafai hata kidogo. Kinga mvua. Ile ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inasuuza vumbi la mabati. Inayofuata ndiyo ujaze bidoni. Jaza nyingi, maana Juni hadi Agosti utazitegemea hizo tu.

Machipukizi yakishatosha, gawa kila ukoo, yaani shina moja na machipukizi yake, nusu kwa nusu: nusu juani, maji yakiwa chini sana ya vichwa, nusu kivulini, maji yakikaribia vichwa. Bokali za kundi moja zibadilishane nafasi kila wiki. Andika namba tu, si zilikotoka, ili jicho lako lisipendelee.

Zote za juani zikiwa nyekundu, hata zilizotoka kidimbwini, rangi imetoka mahali, yaani mwanga na maji, si ukoo. Za tutani zikibaki zimebanana hata kivulini, hapo urithi unasema. Na unasema wazi, kwani shina la sfagnamu nyingi lina seti moja tu ya kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni za urithi. Kwa hizo, hakuna jeni ya pili ya kuifunika ya kwanza.

Mimi hupenda zaidi jibu la tatu: ukoo mmoja unabadilika sana ukihamishwa, mwingine kidogo tu. Huko kubadilika kwenyewe nako kunarithiwa. Ukilipata, usikadirie wastani wa zote. Chora mstari wa kila ukoo peke yake, kutoka juani hadi kivulini, uangalie ipi inapishana.